Taa ya sola ya kujiundia: roho yake ni betri

*Soko limejaa taa za nje zenye wati za kwenye karatasi tu. Mafundi wa mitaani nao wanaunda za kwao kwa betri za kompyuta zilizotupwa. Ipi ining'inie juu ya geti lako?*

Jua likishazama, mitaa ya pembezoni mwa Dar es Salaam kama Chanika, Kivule na Mbagala huwaka bila mtu kubonyeza swichi. Juu ya mageti, kwenye kona za vibanda vya chipsi, mlangoni mwa choo cha nje, taa nyeupe za sola hujiwasha zenyewe moja baada ya nyingine. Kwa saa mbili tatu mtaa unapendeza.

Pita tena saa tano usiku. Nyingi zimefifia, nyingine zimezima kabisa, na mama anayefunga kibanda chake anamulika njia kwa tochi ya simu. Miezi michache nyuma taa hizo hizo zilikuwa zinakesha hadi alfajiri.

Mwenye taa hulaumu mawingu, au hulaumu bei chee aliyonunulia. Lakini ukiishusha na kuifungua, mara nyingi utakuta paneli ni nzima na balbu zake zote ni nzima. Kilichokufa ni betri moja au mbili zilizojificha nyuma ya kioo. Kwa kuwa kasha limegandishwa kwa gundi, na hakuna duka la jirani linalouza betri ya aina hiyo, taa nzima huishia jalalani.

Hapo ndipo ilipo hoja ya makala haya. Taa ya nje ya sola si kitu kigumu kuunda, na anayeiunda mwenyewe, au kuundiwa na fundi anayejua kazi yake, anapata kitu ambacho duka halimpi: taa inayofunguka. Kikwazo kikubwa ni betri, na kwenye betri ndiko kunakofanyika makosa yanayoweza kuunguza nyumba.

Wati 200 za kwenye boksi

Tuanze na taa za dukani, maana ndizo wengi tunazozijua. Kwenye boksi imeandikwa wati 100, wati 200, wakati mwingine 500. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kwamba haiwezekani.

Jua la saa sita mchana, anga likiwa safi, hutoa takriban wati 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Paneli nzuri hugeuza kama asilimia 20 ya nguvu hiyo kuwa umeme. Paneli yenye ukubwa wa karatasi ya A4 basi itatoa wati 12 au 13, na hapo iwe imelitazama jua uso kwa uso, haina vumbi wala kivuli cha mwembe.

Kwa siku nzima ya kawaida ya Dar es Salaam, paneli hiyo huvuna nguvu sawa na saa nne au tano za jua kali. Toa kinachopotea njiani, na umebaki na umeme wa kuwasha taa ya wati 3 usiku kucha. Wati 200 zimetoka wapi? Zimetoka kwa mchapishaji wa boksi.

> Paneli yenye ukubwa wa karatasi ya A4 haivuki wati 13. Boksi linasema 200.

Si kwamba taa zote za kiwandani ni mbovu. Mwaka 2007 Benki ya Dunia na shirika lake la IFC walianzisha mpango wa Lighting Africa, na kutokana nao vikawekwa vipimo vya ubora kwa taa ndogo za sola: mwanga uwe ule ulioandikwa, betri ilindwe, maji yasiingie, na mnunuzi apewe dhamana ya angalau mwaka mmoja. Vipimo hivyo leo vinaendelezwa chini ya jina la VeraSol. Taa zilizopita mtihani huo zipo na zinadumu. Tatizo ni kwamba pale Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, zinapangwa meza moja na zile zisizopimwa na yeyote, na zisizopimwa ndizo zenye boksi kubwa na namba kubwa.

Kazi hii ina wazee wake

Kujiundia mwanga wa jua si jambo la juzi katika ukanda wetu. Katikati ya miaka ya 1980, Mmarekani Harold Burris alikuwa akifunga mitambo midogo ya sola vijijini Kenya na kuwafundisha mafundi wa huko huko. Aliposhirikiana na mwalimu Mark Hankins kuweka taa katika Shule ya Sekondari Karamugi, eneo la Meru, shule nyingine zikafuata, na mafundi waliofunzwa wakaanza kutafuta wateja wao wenyewe. Soko la sola la Kenya, ambalo leo linatajwa duniani kote, lilichipuka kutokana na mikono ya mafundi wa aina hiyo.

Miaka 20 hivi baadaye kijana wa magharibi mwa Kenya, Evans Wadongo, ambaye macho yake yaliumizwa na moshi wa koroboi alipokuwa mwanafunzi, alibuni taa ya sola aliyoiita MwangaBora. Mwili wake ulitengenezwa kwa vyuma chakavu. Mwaka 2010 kituo cha CNN kilimtaja miongoni mwa mashujaa wake kumi wa mwaka.

Visiwani Zanzibar, kijiji cha Kinyasini kina chuo cha Barefoot, ndugu wa kile cha Tilonia, India, kilichoasisiwa na Bunker Roy mwaka 1972. Wanawake wa Unguja na Pemba, wengi wao wakiwa akina mama na bibi ambao hawakusoma sana, hufundishwa kuunganisha saketi, kufunga paneli na kutengeneza taa zilizoharibika. Wanajifunza kwa rangi na kwa mkono. Nawataja kwa sababu bado wapo wanaoamini kwamba solda ni kazi ya vijana wa chuo kikuu.

Na Ufilipino, Illac Diaz alichukua wazo la fundi wa Brazil, Alfredo Moser, la kuangaza nyumba mchana kwa chupa ya maji iliyochomekwa kwenye bati, akaliongezea paneli ndogo na betri ili liwake usiku. Harakati yake, Liter of Light, ilitua Kenya pia, na taa zake za barabarani huundwa na wakazi kwa mabomba ya plastiki na vipuri vinavyopatikana mtaani. Diaz hukataa kuleta taa zilizokwisha kuundwa. Anataka mtu wa mtaa huo aijue saketi, ili siku ikizima asisubiri mfadhili.

Kilichomo ndani ya taa

Taa yenyewe ina vitu vichache. Paneli, kadi ya kuchajia, betri, kiwashio cha giza, taa ya LED na kasha lisiloingiza maji. Tuchukue taa ya wati 1, ambayo inatosha kabisa mlango wa choo, banda la kuku au kibaraza.

Sisi wa karibu na ikweta tuna bahati ambayo fundi wa Ulaya hana. Usiku wetu ni wa saa 12, Januari hadi Desemba. Wati 1 kwa saa 12 ni wati-saa 12, basi. Betri moja mpya ya lithiamu ya namba 18650, yenye volti 3.7 na miliampea-saa 2,600, ina wati-saa 9.6. Betri mbili zilizotumika, zilizobakiwa na 1,800 kila moja, zikiunganishwa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, zinatoa wati-saa 13. Usiku mmoja umepita. Lakini masika yakifika, jua linaweza kujificha siku mbili mfululizo, kwa hiyo fundi mwangalifu huweka nne.

Paneli inayotosha kuzijaza ni ya wati 5 na volti 6. Hapa wengi huungua. Wanachukua paneli ya volti 12, ambayo juani hupanda hadi 18 na zaidi, wanaiunganisha moja kwa moja na kadi ndogo ya kuchajia isiyovumilia zaidi ya volti 8. Moshi unatoka siku hiyo hiyo.

Kadi zenyewe, zile maarufu za TP4056, zipo za aina mbili, na mezani zinafanana. Yenye sehemu sita za kuunganishia waya ina ulinzi: hukata umeme betri inapokaribia kuisha na waya zinapogusana. Yenye sehemu nne haina. Hii ya sehemu nne ni nafuu kidogo kwa bei. Usiinunue.

Kiwashio hakihitaji kifaa cha ajabu. Paneli yenyewe ndiyo jicho. Volti zake zikishuka jioni, transista moja huiruhusu taa iwake. Asubuhi zikipanda, huizima. Dayodi moja huzuia umeme wa betri usirudi kwenye paneli usiku.

Kisha kasha, na hapa napenda kukawia, kwa sababu taa nyingi za kuundwa nyumbani zina saketi nzuri lakini hufa kwa maji. Waya ziingilie chini, kamwe si juu, na ziachiwe kitanzi kinachoning'inia ili tone la mvua lidondoke kabla ya kufikia tundu. Silikoni ipakwe pande zote, lakini chini kabisa liachwe tundu dogo la kupumulia, maana unyevu huingia hata usipoualika. Pwani, ambako hewa ya chumvi hula shaba hadi ikawa kijani, maungio yote ya solda yapakwe vanishi. Rangi ya kucha isiyo na rangi hufanya kazi hiyo vizuri. Paneli iinamishwe digrii 10 au 15 ili mvua ioshe vumbi, na kwa sisi tulio kusini mwa ikweta itazame kaskazini.

Betri isikae juani. Lithiamu haitakiwi kuchajiwa ikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 45, na kasha jeusi lililobandikwa nyuma ya paneli mchana wa Dodoma hufika huko bila shida. Ishushe chini ya upenu, uivutie waya. Hatua hiyo moja hurefusha maisha ya betri kuliko vipuri vyote vya bei ghali.

Ugomvi wa betri za kompyuta

Tunafika kwenye mvutano wenyewe. Ndani ya betri ya kompyuta mpakato iliyokataa kukaa na chaji mna seli nne, sita au nane za 18650. Mara nyingi ni moja au mbili tu zilizokufa na kuliangusha kundi zima. Mafundi hupasua makasha hayo, huchambua, na seli nzima huzitumia kwenye spika, pampu za pancha na taa za nje.

Wanaotetea kazi hii wana ushahidi. Mwaka 2014 watafiti wa IBM nchini India waliunda kifaa walichokiita UrJar kwa kutumia betri za kompyuta zilizotupwa. Katika sampuli waliyopima, asilimia 70 ya betri hizo zilikuwa bado na uwezo wa kuwasha taa ya LED zaidi ya saa nne kwa siku kwa muda wa mwaka mzima. Kwa mtu anayenunua mafuta ya taa kwa kibaba, hiyo ni hazina iliyolala jalalani.

Wapinzani nao wana hoja nzito. Geuza takwimu hiyo uone upande wa pili: tatu katika kila kumi hazikufaa. Na betri ya lithiamu isiyofaa haikuachi gizani tu. Iliyokaa muda mrefu chini ya volti 2 huweza kuwa na shaba iliyoyeyuka ndani; ukiichaji, chanya na hasi hukutana ndani kwa ndani, inapata moto, inatoa gesi na kuwaka. Moto wake hauzimwi kwa kumwaga mchanga kidogo na kuondoka. Katika nyumba zilizobanana, zenye bati na mbao, hilo si jambo la kubahatisha.

> Tatu katika kila betri kumi za kompyuta zilizotupwa hazikufaa. Anayezitofautisha ni fundi mwenye mita na subira.

Msimamo wangu, baada ya kupima pande zote mbili, ni kwamba seli hizi zinafaa kwa taa za nje, ila kwa masharti ambayo mafundi wengi hawana muda nayo. Seli inayosoma chini ya volti 2 ikifika mezani isichajiwe kabisa. Inayopata joto wakati wa kuchajiwa itolewe. Inayobaki ijazwe hadi volti 4.2, iachwe wiki mbili mezani, kisha ipimwe tena. Ikiwa imeshuka chini ya 4, inavuja ndani. Ndipo upimwe ujazo wake kwa kifaa maalumu. Seli zenye makovu, zilizobonyea au kupoteza ngozi yake ya plastiki hazina mjadala. Na taa yenye seli hizo ifungwe ukutani mwa tofali au kwenye nguzo, mbali na makuti, mbali na dirisha la wanaolala.

Asiyeweza kutimiza masharti hayo ana njia nyingine mbili zilizo salama zaidi. Ya kwanza ni betri ya lithiamu fosfeti ya chuma, ile ya volti 3.2. Hustahimili joto vizuri zaidi, si nyepesi kuwaka, na hudumu kuchajiwa mara 2,000 au zaidi. Lakini chaja yake huishia volti 3.65. Kuiweka kwenye kadi ya 4.2 ni kuiua, na kosa hili hufanyika kila siku, kwa sababu taa nyingi za dukani hutumia betri hii na anayeirekebisha haangalii maandishi ubavuni.

Ya pili ni betri za nikeli za volti 1.2, zenye umbo la betri za redio lakini za kuchajiwa. Ujazo wake ni mdogo, wati-saa 2.4 kwa moja yenye miliampea-saa 2,000. Hata hivyo huvumilia kuchajiwa polepole mchana kutwa bila ulinzi wowote. Kwa klabu ya sayansi ya shule, kwa mtoto anayeshika solda mara ya kwanza, anzia hapa.

Wavuvi walishaijaribu

Anayetilia shaka kama taa za namna hii zinahimili kazi ngumu aende Ziwa Victoria. Kwa miaka mingi dagaa walivuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa karabai zilizowekwa juu ya maboya, zikila mafuta ya taa na kupasua soksi zake kwa kila wimbi. Mwaka 2008 kampuni ya Osram ilifungua kituo cha kuchaji kwa sola Mbita, upande wa Kenya, ambako wavuvi walikodi taa za betri. Leo taa za LED zimeenea kwenye mitumbwi, nyingi zikiwa zimeungwa na kufungwa na wavuvi wenyewe juu ya mbao na magaloni. Ni vigumu kuipa taa ya nje mtihani mkali kuliko huo wa maji, mawimbi na usiku kucha.

Ikifa inakwenda wapi?

Wanaosema umeme wa gridi umefika, kwa hiyo sola ni ya nini, wanasahau jambo moja. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mgao wa umeme wa mwaka 2023 sasa tunausimulia. Lakini kuvuta waya wa gridi hadi choo cha nje au bandani, ukapigwa na mvua na kukanyagwa na watoto, ni hatari kuliko volti 4 za betri. Taa ya sola ya uani itaendelea kuwako hata kwenye nyumba yenye luku.

Ndiyo maana suala la betri zilizokufa halikwepeki. Mombasa ililijua kwa uchungu. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilichofunguliwa mwaka 2007 kando ya mtaa wa Owino Uhuru kilimwaga sumu ya risasi kwa wakazi hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwanamama Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe alidhurika, aliongoza mapambano yaliyompatia Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mahakama iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni za Kenya mwaka 2020, uamuzi huo ukatenguliwa katika rufaa, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024.

Zile zilikuwa betri za risasi na asidi, tofauti na hizi ndogo. Lakini funzo kwa mamlaka ni lile lile: betri isiyo na pa kwenda huenda palipo na maskini. Mafundi wanaochambua seli leo ndio mtandao pekee wa ukusanyaji tulio nao mitaani. Wakifukuzwa, seli hazitatoweka, zitaungua kwenye majalala.

Badala ya kuwafukuza, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, VETA, iwafundishe. Kozi fupi ya kupima seli, kuweka ulinzi na kufunga kasha haihitaji jengo jipya. Shirika la Viwango nalo, TBS, lianze na kitu kimoja kwenye taa za kuingizwa nchini: wati zilizoandikwa kwenye boksi ziwe za paneli halisi, na aina ya betri na volti zake zichapwe mahali mnunuzi atakapoona. Kasha lifungwe kwa skrubu.

Nawe msomaji, ukimpa fundi kazi ya kukuundia taa, mwombe akuonyeshe kwenye mita volti za kila seli kabla hajazifunga, na aandike tarehe ubavuni kwa kalamu isiyofutika. Akikataa, chukua paneli yako utafute mwingine.